Sanadi, Matni na Hesabu: Jinsi Nadharia ya Schacht Ilivyojengwa na Ilivyopimwa

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia kijana ambaye zamani nilimsomesha nahau, na sasa anasomea shahada ya udaktari. Alikuwa na rasimu ya utafiti wake mkononi na uso umemkunjamana. "Sheikh," akaniambia, "msimamizi wangu ameirudisha sura ya njia za utafiti kwa mara ya 3." Nikaisoma. Alikuwa ameandika kwamba atasoma vitabu vya fiqhi, atawahoji masheikh, na atahesabu fatwa na kuzipanga katika majedwali, na kwamba kwa kuwa njia ni tatu basi utafiti utakuwa na nguvu mara tatu. Pembeni mwa ukurasa msimamizi aliandika swali moja tu: njia ipi inaijenga nadharia yako, na njia ipi inaweza kuivunja?

Kijana aliona anaonewa. Nikamwambia, mwanangu, swali hili ni la haki, na muhadithina walikuwa wakijiuliza mfano wake zaidi ya miaka 1100 iliyopita. Tukakaa mpaka karibu na Magharibi. Nimeona mazungumzo yale yafae kuandikwa, kwa sababu vijana wetu wengi sasa wanakwenda kusoma katika vyuo vikuu vya nje na vya ndani, na wengi wanarudi ama wameziogopa njia za utafiti za huko, ama wamezimeza bila kuzitafuna.

Tuanze nyumbani. Imam Yahya bin Ma'in (aliyefariki mwaka 233 Hijria) alitaka kuvijua vitabu vya Hammad bin Salama wa Basra, mtu mwema na mpokezi mashuhuri ambaye hata hivyo alijulikana kuwa hukosea. Alimwendea Affan bin Muslim ili amsikilizie vitabu hivyo. Affan akamuuliza kama hajavisikia kwa mtu mwingine. Yahya akajibu kuwa amevisikia kwa watu 17. Affan akakataa kumsomea. Yahya akafunga safari mpaka Basra kwa Musa bin Ismail, naye akamuuliza lile lile, akapewa jibu lile lile. Musa akataka kujua mtu mwenye nakala 17 anaitafutia nini ya 18. Yahya akamweleza kuwa Hammad alikuwa akikosea, naye anataka kuyatenga makosa ya Hammad na makosa ya wanafunzi wake. Akiwaona wanafunzi wote wameafikiana juu ya neno lenye kosa, atajua kosa ni la Hammad. Akimwona mmoja amesema neno na wenzake wote wamesema jingine, atajua kosa ni la yule mmoja.

Msomaji aitazame vizuri kazi hii. Yahya hakukusanya nakala 18 ili apate nguvu ya wingi. Alikuwa na dhana mbili zinazopingana, yaani kosa ni la mwalimu au kosa ni la mwanafunzi, na akatengeneza mazingira ambayo kila dhana ikiwa kweli itaacha alama yake. Hapo ndipo wingi unapokuwa na faida.

Na kuna jambo la pili ambalo wanavyuoni walilijua, nalo ni kupima shahidi wa aina moja kwa shahidi wa aina nyingine. Mwaka 447 Hijria huko Baghdad ilitolewa barua iliyodaiwa kuwa Mtume (S.A.W.) aliwasamehe jizya watu wa Khaybar, na ndani yake mna ushahidi wa Masahaba. Ikapelekwa kwa al-Khatib al-Baghdadi. Hakushughulika na wino wala ngozi. Aliangalia majina ya mashahidi akasema ni ya uongo: Muawiya alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, nayo Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7, kabla yake, na Saad bin Muadh alifariki baada ya Banu Quraydha, kabla ya Khaybar. Barua ilisema lake, tarehe za watu zikasema jingine, na tarehe hizo hazikuandikwa na yule aliyeiandika barua. Hapo ndipo penye nguvu ya hoja.

Sasa tuje kwenye kadhia yenyewe, ambayo ndiyo mfano bora ninaoujua wa nadharia kujengwa kwa njia kadhaa na kisha kupimwa na watafiti wa vyuo vikuu.

Mwaka 1890 Ignaz Goldziher, mustashriki wa Hungaria, alichapisha juzuu ya 2 ya utafiti wake juu ya Uislamu, akidai kuwa sehemu kubwa ya hadithi ni kioo cha mabishano ya karne mbili za mwanzo kuliko kuwa habari za Mtume (S.A.W.). Miaka 60 baadaye, mwaka 1950, Joseph Schacht alitoa kitabu chake juu ya chimbuko la fiqhi, akaigeuza shaka ya Goldziher kuwa nadharia yenye viungo. Alisema hadithi za hukumu zilianza kuenea kiasi cha mwaka 100 Hijria na baada yake, na kwamba sanadi zilikua kuelekea nyuma: kauli ya tabii ikapandishwa kwa sahaba, kisha ikapandishwa kwa Mtume (S.A.W.).

Schacht naye alichanganya njia. Njia ya kwanza ilikuwa hoja ya ukimya: ikiwa mwanachuoni alibishana juu ya mas'ala na hakuitaja hadithi ambayo ingemaliza ubishi, basi hadithi hiyo haikuwapo wakati wake. Njia ya pili ilikuwa kulinganisha sanadi pungufu za vitabu vya mwanzo na sanadi kamili za vitabu vya baadaye. Ya tatu ilikuwa kumtafuta mpokezi ambaye njia zote zinakutana kwake, yule ambaye sisi tunamwita madari ya sanadi, na kusema kwamba huyo, au mtu aliyetumia jina lake, ndiye aliyeizusha.

Tumfanyie insafu. Mambo aliyoyaona Schacht hayakuwa ya kubuni. Kwamba kauli ya sahaba huweza kupandishwa kimakosa ikawa ya Mtume (S.A.W.), kwamba hadithi mursal huweza kuunganishwa na mtu mwenye hifadhi mbovu, haya yote yamo katika vitabu vyetu vya ilali, na ad-Daraqutni ameyaeleza kwa mifano mingi sana. Tatizo lake ni jingine. Njia zake tatu zilikuwa zinakopeshana. Ukimya ulimwambia kuwa hadithi haikuwapo; alipoikuta baadaye ina sanadi kamili, akasema sanadi imetengenezwa, kwa sababu ukimya ulikwisha kumwambia kuwa haikuwapo; kisha madari akawa mzushi kwa sababu sanadi iliyo juu yake imetengenezwa. Kila njia ilisimama juu ya bega la mwenziwe, na hapakuwa na hata moja iliyokuwa na uwezo wa kumwambia: hapa umekosea. Kwa istilahi ya mahakama, ni mashahidi watatu waliolala nyumba moja.

Majibu yalianza kuja kutoka kwa wanafunzi wa udaktari, na mwaka 1966 peke yake ulitoa tasnifu mbili zenye uzito.

Moja iliandikwa katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada, na Zafar Ishaq Ansari, juu ya fiqhi ya mwanzo ya Kufa. Katika kuihakiki hoja ya ukimya, Ansari alifanya jambo jepesi sana ambalo mtu hujiuliza kwa nini halikufanywa mapema. Alijiuliza: ikiwa Schacht amesema kweli, tutegemee kuona nini? Tutegemee kuwa kitabu cha baadaye kina hadithi zaidi juu ya mas'ala yale yale, na kwamba hadithi iliyokwisha kuwapo haitaachwa na mtu anayeihitaji. Akachukua Muwatta wa Imam Malik (aliyefariki mwaka 179) akaulinganisha na Muwatta wa ash-Shaybani (aliyefariki mwaka 189); akachukua Athar ya Abu Yusuf akailinganisha na Athar ya ash-Shaybani. Akakuta hadithi zilizomo katika kitabu cha mtangulizi hazimo katika kitabu cha aliyekuja nyuma yake. Hazikuwa zimepotea, mwandishi tu hakuzitaja. Mufti hasemi kila anachokijua kila anapojibu. Yeyote aliyewahi kukaa na sheikh msikitini analijua hilo, lakini kulijua ni jambo moja na kulionyesha kwa kitabu dhidi ya kitabu ni jambo jingine.

Tasnifu ya pili ni ya Sheikh Muhammad Mustafa al-Aadhami, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. (Asichanganywe na Sheikh Habibu Rahman al-Aadhami, ambaye tutamtaja hivi punde. Wote wawili ni watu wa Mau huko India ya kaskazini, na nisba yao ni moja.) Mustafa al-Aadhami alikwisha kupita Deoband na al-Azhar kabla ya kufika Uingereza. Tasnifu yake ilichapishwa Beirut mwaka 1968. Ndani yake alikusanya habari za uandishi wa hadithi tangu zama za Masahaba, akataja Masahaba wapatao 50 waliokuwa na maandishi au walioandikiwa, kisha akaendelea na Matabiina na waliowafuata. Akahakiki pia nuskha ya Suhayl bin Abi Salih na kuonyesha jinsi hadithi moja moja ilivyokuwa na wapokezi wengi waliotawanyika katika miji iliyo mbali mbali, watu ambao ni vigumu kuamini walikutana wakapatana juu ya uongo mmoja. Mwaka 1985 alitoa kitabu kizima cha kumjibu Schacht. Allah amrehemu, alifariki Riyadh mwaka 2017.

Nami niliisoma kazi ile kwa furaha nilipokuwa kijana, na bado naiheshimu. Lakini kijana wangu aliponiuliza kama ilimaliza ubishi, nilimjibu hapana, na yeye akashangaa kulisikia neno hilo kwangu. Sababu ni hii. Habari kwamba sahaba fulani alikuwa na sahifa, al-Aadhami ameitoa katika vitabu vya wasifu wa wapokezi na vitabu vya hadithi vilivyoandikwa baadaye. Kwetu sisi vitabu hivyo vina hoja, kwa sababu tunajua vilivyopokewa. Lakini anayeitilia shaka sanadi, anavitilia shaka na vitabu hivyo, kwani navyo vimejengwa kwa sanadi. Ukimletea vitabu 100 vya aina hiyo, atasema ni shahidi mmoja aliyesema mara 100. Huwezi kumlazimisha mpinzani wako kwa shahidi ambaye yeye amemkataa.

Tazama mfano wa Sahifa ya Hammam bin Munabbih, mwanafunzi wa Abu Hurayra (R.A.). Dr. Muhammad Hamidullah aliipata katika miswada ya Damascus na Berlin, akaichapisha mwaka 1953. Ina hadithi 138. Alipoilinganisha na Musnad wa Imam Ahmad, maneno yalikuwa karibu sawa sawa. Kwenye mimbari zetu jambo hili hutajwa kama pigo la mwisho kwa mustashrikina. Lakini iangalie sanadi. Imam Ahmad aliipokea kwa Abdur-Razzaq, kwa Ma'mar, kwa Hammam. Na mswada wa Hamidullah? Nao umepokewa kwa njia ya mwanafunzi mwingine wa Abdur-Razzaq, kwa Ma'mar, kwa Hammam. Mashahidi hao wawili wanakutana kwa Abdur-Razzaq. Basi kulingana kwao kunathibitisha, tena kwa nguvu kubwa, kwamba tangu Abdur-Razzaq kuja chini maneno yalihifadhiwa kwa uaminifu. Juu ya Abdur-Razzaq kunahitajiwa ushahidi mwingine. Yahya bin Ma'in angeliona hilo kabla hujamaliza kusoma sanadi.

Na ushahidi huo mwingine ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Kati ya mwaka 1970 na 1972 Sheikh Habibu Rahman al-Aadhami alichapisha huko Beirut Musannaf wa Abdur-Razzaq as-San'ani (aliyefariki mwaka 211) katika mijeledi 11. Alimu wa madrasa, kwa subira ya miaka, aliwawekea watafiti wa dunia mezani kitabu ambacho Schacht hakuwa nacho katika chapa alipoandika. Na aliyekitumia kwa namna ya kuishtua mizani ya nadharia ile alikuwa Mjerumani, Harald Motzki, katika kitabu kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1991 na kwa Kiingereza mwaka 2002.

Motzki hakuanza kwa kuuliza kama wapokezi ni waaminifu. Alianza kwa kuhesabu. Alichukua sampuli ya mapokezi 3810, kiasi cha 21 katika kila 100 ya maandishi husika, akaangalia Abdur-Razzaq anasema ameyapokea kwa nani. Akakuta Ma'mar ana asilimia 32, Ibn Jurayj 29, Sufyan ath-Thawri 22, Sufyan bin Uyayna 4, na asilimia 13 zilizobaki zimegawanyika kwa watu wapatao 90. Kisha akaingia ndani ya kila mmoja. Ma'mar anategemea zaidi az-Zuhri, asilimia 28, na Qatada, asilimia 25. Ibn Jurayj anategemea zaidi Ataa bin Abi Rabah, asilimia 39. Ath-Thawri anatoa rai zake mwenyewe kwa asilimia 19, na hali Ma'mar na Ibn Jurayj rai zao hazifiki mbali na asilimia 1.

Hoja iko wapi? Mtu anayezusha sanadi hana sababu ya kumpa kila mwalimu sura yake ya peke yake. Angegawa majina mashuhuri kwa namna ya kufanana, na angependa kila mmoja amfikie Mtume (S.A.W.) au sahaba mkubwa. Hapa kila mwalimu ana watu wake, mji wake, na kiasi chake cha rai na hadithi. Tofauti hizo zinaonekana baada ya kuhesabu maelfu ya mapokezi; msomaji wa kitabu hazioni, na mzushi asingejua kuwa kuna siku zitahesabiwa.

Lakini Motzki hakutosheka na hesabu, na hapa ndipo nilipomtaka kijana wangu aweke kituo. Hesabu ilimjengea dhana kwamba Abdur-Razzaq amesema kweli juu ya walimu wake. Kuipima, aliacha hesabu akayaingia maneno yenyewe. Akamsoma Ibn Jurayj akimuuliza Ataa mas'ala. Sehemu kubwa sana ya majibu ni rai ya Ataa mwenyewe, haina aya wala hadithi. Mara nyingine Ibn Jurayj anasema jambo hili sikulisikia kwa Ataa mwenyewe, nimelisikia kwa mtu aliyelisikia kwake. Mara anakiri kuwa hana yakini ya maneno aliyoyatumia. Mara anataja kuwa Ataa alibadilisha kauli, au kuwa mwenzake alimpinga. Mtu anayemtumia Ataa kama pazia la uongo asingelitoboa pazia lake kwa mikono yake. Hesabu na maneno, njia mbili zisizokopeshana, zikafika mahali pamoja: kwamba fiqhi ya Ataa, mufti wa Makka aliyefariki kiasi cha mwaka 115, imetufikia kwa kweli, na pamoja nayo hadithi zilizokuwa zikijulikana Makka katika karne ya kwanza. Tarehe ya Schacht ikapata ufa mkubwa.

Baadaye Motzki na wenziwe, akiwamo Gregor Schoeler, waliendeleza njia ya kusoma sanadi pamoja na matni. Unakusanya mapokezi yote ya hadithi moja, unachora mti wa sanadi, kisha unaweka sanadi kando na kuyagawa matni kwa tofauti za maneno. Mwisho unavilinganisha. Ikiwa wanafunzi wa az-Zuhri wana maneno yanayofanana yao kwa yao na yanayotofautiana kidogo na ya wanafunzi wa Hisham bin Urwa, mti wa sanadi na mti wa maneno vimekubaliana, na hiyo ni dalili kuwa mapokezi yalifanyika kweli. Mtu akija na sanadi ya upande huu na maneno ya upande ule, amejulikana kuwa ameazima. Mwanafunzi yeyote wa mustalah atatabasamu, kwa sababu huu ni ukoo mmoja na itibari, mutabaati na shawahidi. Tofauti ni kwamba wao huliandika jambo kama mtihani ambao dhana inaweza kuanguka ndani yake, na sisi siku hizi tumezoea kunukuu natija tu bila kuifanya kazi.

Yapo mambo ya kutahadhari. Motzki hakusema kuwa amethibitisha hadithi kwa Mtume (S.A.W.) kwa maana yetu. Njia yake humpeleka mtafiti mpaka kwa madari, na mara nyingine hatua moja juu yake, kisha inanyamaza. Kauli yake kuhusu sahihi na dhaifu si hukumu ya kisharia. Nimewahi kumsikia khatibu akimtaja kama kwamba amesilimu mkononi mwa Abdur-Razzaq! Haifai. Alikuwa mwanahistoria mwadilifu katika kazi yake mpaka alipofariki mwaka 2019, na kumpa asichokidai ni aina nyingine ya kuzusha.

Turudi kwa kijana na rasimu yake. Anatafiti mas'ala ya mke ambaye mumewe amesafiri akapotea asijulikane yuko hai au amekufa. Imam an-Nawawi katika Minhaj anaeleza kuwa kwa kauli mpya ya Imam Shafii mke haolewi mpaka ithibiti kuwa mume amekufa au ametaliki, na kwa kauli ya kale husubiri miaka 4 kisha akakaa eda. Kijana anadhani kwamba makadhi wa pwani kwa vitendo waliiacha kauli mpya mapema kuliko inavyosemwa, wakawafungulia wanawake njia ya fasakhi kwa kukosa nafaka. Alitaka kuyathibitisha haya kwa kuwahoji masheikh na kusoma sherehe za Minhaj.

Nikamuuliza: hao masheikh utakaowahoji, wamesomea wapi mas'ala haya? Akacheka, akasema, "Katika Minhaj, Sheikh."

Basi wakikwambia lililomo katika Minhaj, umesikia sauti ya kitabu mara mbili. Mahojiano yakusaidie kuijenga dhana: ni kesi zipi wanazikumbuka, baba zao walifanya nini, kwa nini. Lakini kuipima, nenda kwenye majalada ya mahakama ya kadhi. Karani aliyeandika tarehe, jina la mke, miaka ya kutoweka mume na hukumu iliyotolewa hakuwa na habari ya nadharia yako. Hesabu humo: wangapi walifunguliwa kwa fasakhi, wangapi waliambiwa wasubiri, na katika miaka gani.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza itakuwaje ikiwa majalada yatasema kinyume, naye amekwisha kula miaka 2 katika kazi hii. Nikampa kalamu nikamwambia aandike sasa hivi, kabla hajafungua jalada hata moja, ni kitu gani akikikuta humo ataiacha kauli yake. Ilimchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alifuta mara mbili. Alipomaliza sentensi ya nne muadhini alikuwa amekwisha kupanda, tukainuka kwenda kutia udhu.

Wallahu aalam.